Land Rover Imeuzwa Mara Ngapi, na Kwa Nini Guka Bado Anatafuta Gia

Mnakumbuka Desemba ya 2024, Honda na Nissan walipotangaza kwamba wanataka kuungana? Inboksi yangu ilijaa. Kuna msee wa Nkubu aliniuliza kama Nissan Note ya dadake sasa itaanza kutumia spea za Honda Fit. Mwingine akasema anauza Note yake haraka kabla bei haijaanguka. Februari 2025 mazungumzo yakavunjika, Note ikabaki Note, na yule jamaa, kama kweli aliuza, sijui siku hizi anapanda nini.

Nilicheka, lakini swali lenyewe si la kijinga. Kampuni ikiuzwa, ile gari iko kwenu nyumbani inabadilika nini? Nimelifikiria sana kwa sababu kwa guka yangu, baba ya mathee, huko Runyenjes, kuna gari ambayo chapa yake imebadilisha wenyewe kuliko vile guka amebadilisha betri. Ni Land Rover, Series III, kijani iliyochoka, na imekaa chini ya mti wa avokado tangu Agosti kwa sababu gia ya pili inatoka yenyewe. Unaiweka, unaachilia mkono, tak, imerudi huru. Kwa ule mlima wa kutoka mtoni kwenda kwao, gia ya pili ndiyo gari yenyewe.

Sasa kuna broka amekuja mara mbili. Anataka kumpa guka 350,000, taslimu, gari ikiwa imelala hivyo hivyo. Anasema kuna wadosi Nairobi wanazitaka, wanazipiga rangi na kuweka viti vya ngozi, wikendi wanaenda nazo Nanyuki kupigwa picha. Kwenye grupu ya familia watu wamegawanyika. Uncle zangu wawili wanasema auze. Mathee hasemi kitu, na mathee asiposema kitu jua amekasirika, maana ile gari ndiyo iliyompeleka bweni na sanduku lake, na ndiyo iliyomtoa nyumbani siku ya harusi kuja Meru kwa babangu.

Mimi nimeombwa maoni kwa sababu eti "wewe si unajua magari, unaweka video." Haya. Maoni yangu ndiyo haya, na yatakuwa marefu.

Tuanze na wenyewe. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948, ikitengenezwa na kampuni ya Rover ya Uingereza. Vita vilikuwa vimeisha juzi tu, chuma ilikuwa inagawanywa kwa kipimo, ndiyo maana bodi ikawa ya aluminiamu. Ilikuwa gari ya mkulima. Mwaka 1967 Rover ikachukuliwa na Leyland. Mwaka 1975 serikali ya Uingereza ikaitaifisha hiyo British Leyland yote kwa sababu ilikuwa inazama. Mwaka 1988 ikauziwa British Aerospace, watu wa ndege. Mwaka 1994 BMW. Mwaka 2000 Ford. Mwaka 2008 Tata ya India, ambao waliinunua pamoja na Jaguar kwa dola bilioni 2.3. Hesabu mwenyewe. Hao ni wenyewe saba, na ya guka iko pale pale chini ya avokado.

Nilipokuwa mdogo nilidhani hizi ni habari za makaratasi tu. Halafu mwaka jana nilienda Maua kurekodi video kuhusu Land Rover za huko, kwa sababu kama hujui, Meru ni kama hospitali ya wazee ya Land Rover. Ukipanda kuelekea Nyambene utazikuta zimebeba mbao, viazi, ng'ombe, maharusi na magunia ya mbolea, zingine ni za umri wa babangu. Nikamkuta fundi mmoja, mzee wa kofia, ameinama ndani ya boneti. Nikamuuliza swali langu la kitoto: mzee, Wahindi waliponunua Land Rover, wewe uliona tofauti gani? Hakuinua kichwa. Akasema, "Kijana, mimi sioni mwenye kampuni. Naona bolti."

Halafu akanionyesha. Gari moja aliyokuwa nayo pale ilikuwa Defender ya mwisho mwisho, na chini ya boneti kulikuwa na injini ya dizeli ya Ford, ya ukoo ule ule wa van ya Ford Transit. Ni kweli kabisa, kuanzia 2007 Defender zilitoka na hiyo injini, kwa sababu Ford ndiye alikuwa mwenye nyumba. Ile Range Rover iliyotoka 2001 ilibuniwa BMW wakiwa ndio wenyewe, ikauzwa Ford wakiwa ndio wenyewe, na ikatoka kiwandani na injini za BMW. Kwa hivyo mabadiliko ya wenyewe hayabaki Wall Street. Yanashuka mpaka kwa spana ya fundi wa Maua. Kila mwenye nyumba mpya anakuja na bolti zake, sensa zake na kompyuta yake, na fundi ndiye anajua ni ya saizi gani na inapatikana wapi. Zile za zamani, za guka, zilikuwa na saizi za kiingereza ambazo spana za siku hizi hazikai vizuri. Fundi ana boksi nzima ya spana za aina hiyo na hamwazimi mtu.

Sasa kuna hadithi ambayo watu wanapenda kunipa kila nikiweka video ya Land Rover: kwamba Tata ndio walioharibu. Wasee, hiyo si haki. Tata walipoichukua 2008 dunia ilikuwa inaingia kwa shida ya pesa, na watu wengi walidhani kampuni itakufa mikononi mwao. Haikufa. Walimwaga pesa, wakatoa Range Rover mpya, Evoque ikauzwa kama mandazi. Walichofanya ni kumaliza safari iliyokuwa imeanza zamani, hata kabla ya Ford: kuitoa Land Rover shambani na kuipeleka kwa geti la umeme. Januari 29, 2016, Defender ya zamani ya mwisho ikatoka kiwandani Solihull, baada ya zaidi ya milioni 2 za ukoo huo. Sheria za moshi na usalama zilikuwa zimeikaba, na faida haikuwepo. Defender mpya inatengenezwa Slovakia. Nimeiona moja Makutano hapa Meru, nyeusi, safi, na kwa bei yake unaweza kununua shamba zuri la chai ubaki na ya trekta.

Sina shida na hiyo gari. Ni nzuri, na kwa matope inaenda. Lakini mwenye nyumba akiamua kwamba mteja wake ni yule wa geti la umeme, basi guka si mteja tena. Hakuna barua iliyokuja Runyenjes kumwambia hivyo. Alijua siku alipoanza kukosa spea.

Lakini bado huko Uingereza na India ni mbali. Mwenye nyumba aliyemuumiza guka alikuwa karibu zaidi, na huyu ndiye watu hawamwongelei.

Kenya, Land Rover ilikuwa ya Cooper Motor Corporation, ile ambayo baadaye tuliita CMC. Walianza kuzileta nchini tangu miaka ile ya kwanza kabisa. Katika miaka ya sabini kukawa na kiwanda Thika, Leyland Kenya, ambacho leo kinaitwa Kenya Vehicle Manufacturers, na serikali na CMC walikuwa na hisa humo. Land Rover ziliungwa pale. Ya guka ni ya Thika. Aliinunua kwa mnada wa gari za serikali mwaka 1986, na mpaka leo akiongea juu yake anasema "hii ni randirofa ya Thika," kama vile mtu anavyosema mahindi ni ya kwetu, si ya kununua. Kahawa yake ilienda kiwandani nayo. Wagonjwa walienda Embu nayo usiku. Maiti pia, na hakuna aliyewahi kulipishwa.

Ikivunjika kitu, guka alikuwa anapanda gari asubuhi mpaka Nairobi, anaenda kwa kaunta ya spea, anasema namba, anapewa kitu kwenye karatasi ya kahawia, jioni yuko nyumbani. Hiyo kaunta ndiyo ilikuwa Land Rover kwa guka. Solihull hakuwahi kuisikia.

Halafu angalia kilichofuata. Mwaka 2011 wakubwa wa CMC walianza kuvutana kwenye bodi mpaka hisa zao zikasimamishwa kuuzwa kwa soko la hisa Nairobi. Jaguar Land Rover wakawaacha, wakapeleka kazi kwa RMA. Mwaka 2014 Al-Futtaim wa Dubai wakainunua CMC yote, shilingi 13 kwa kila hisa, kama bilioni 7.5 kwa jumla, ikatolewa kwa soko la hisa. Watu walishangilia, pesa za Dubai hizo. Miaka ikapita, ikaacha kuuza magari madogo ili ibaki na mambo ya matrekta. Na Januari 2025 ikatangaza inafunga, Kenya, Uganda na Tanzania. Jina lililokuwepo kabla uhuru haujafika, kwisha. Land Rover nayo leo iko kwa Inchcape, ambao pia wana BMW, na sina neno baya juu yao, ila ukiingia pale na Series III yenye kinyesi cha kuku kwenye kiti cha nyuma, nadhani hata wewe mwenyewe utajisikia umepotea njia.

Kwa hivyo ninachosema ni hiki. Gari ina wenyewe wawili. Kuna yule wa nembo, aliye mbali, na kuna yule wa kaunta. Wa nembo akibadilika, gari mpya za kesho zinabadilika. Wa kaunta akibadilika, gari uliyonayo leo ndiyo inabadilika. Sisi vijana tunapiga kelele kuhusu wa kwanza kwa sababu ndiye anaingia kwa habari. Wa pili akiondoka unasikia siku umesimama kwa barabara ya Ishiara na bolti mkononi.

Mtu atasema nachagua mfano mbaya. Sawa, chukua mzuri. Kwa miaka mingi Isuzu zote unazoziona Kenya zilikuwa zinaungwa na General Motors, pale Mombasa Road. Mwaka 2017 GM wakauza hisa zao, asilimia 57.7, kwa Isuzu wenyewe, jina likabadilika kuwa Isuzu East Africa. Wale wa Chevrolet walilia kidogo, maana Chevrolet ikaacha kuletwa. Lakini mwenye NQR ya kubeba abiria Embu, au FRR ya kubeba ndizi za Mitunguu, alibadilikiwa na nini? Bango la getini. Kiwanda kilikuwa pale pale, kaunta pale pale, na mwenye nembo sasa ndiye mwenye kaunta. Huo ni uuzaji wa kampuni pia, na haukumlaza mtu njiani. Ndiyo maana nakataa ile kelele ya "wameuza, gari imeisha." Inategemea kaunta ilibaki na nani.

Na Toyota je? Toyota ndiyo iliyoifukuza Land Rover kwa milima ya miraa, na haikuifukuza kwa nguvu. Muulize dereva yeyote wa miraa kwa nini Hilux. Hatakuambia habari ya injini kwanza. Atakuambia ikilala saa nane usiku, kufika asubuhi kuna mtu ana spea, Meru, Chuka, Embu, popote. Lami nayo imesaidia. Mahali guka alihitaji gia ndogo na magurudumu manne miaka ya tisini, leo Probox inapita na magunia kumi na mwanamke amekaa juu ya la kumi na moja. Siwezi kudanganya kwamba ni wenyewe wa kampuni peke yao walioiua Land Rover ya mkulima. Barabara ya lami pia iliiua, na hakuna mtu wa kwetu anayetaka lami itolewe.

Lakini zile za Maua hazijafa, na hapo ndipo nilipobadilisha mawazo yangu. Nilienda na mawazo ya mtalii, ooh, tazama magari ya kale. Nikakuta watu hawaziiti za kale. Wanazitumia. Injini ya petroli ya asili imetolewa zamani, ndani kuna dizeli ya Toyota au Isuzu, chesisi imechomelewa mara tatu, springi ni za lori, taa moja ni ya pikipiki. Nikamuuliza yule fundi, sasa hii bado ni Land Rover? Akaniangalia kama mtu aliyeuliza kama ugali wa jana ni ugali. Kuna fundi wengine kama yeye, na kati yao wana magari yaliyokufa uani, wanayakata kama ng'ombe: wewe chukua ekseli, wewe chukua mlango, huyu apewe difu. Hiyo ndiyo kaunta ya siku hizi. Nairobi ilipoifunga, ilihamia Maua, na hakuna aliyetangaza.

Guka nikimwambia habari ya kuweka injini ya Toyota anatikisa kichwa. Anaona ni kama kuoa mke wa pili na kumwita jina la wa kwanza. Tumebishana hapo mpaka chai ikapoa. Mimi naona amekosea, yeye anaona mimi sijawahi kumiliki kitu kwa miaka arobaini. Yuko sawa kwa hilo la pili.

Na hili linawahusu nyinyi mnaoniandikia kuhusu gari za umeme za Kichina. Kila wiki naulizwa, hii ni nzuri? Video ni kali, skrini kubwa kama ya sebuleni, bei imeshuka. Mimi siulizi tena nani ana hisa Shenzhen. Nauliza nani ana kaunta hapa, amekaa miaka mingapi, na akiamka siku moja aseme Kenya haina faida, anabeba virago kama vile wengine wamebeba, nani Meru anajua kuifungua hiyo betri? Kama jibu ni hakuna, basi unanunua simu kubwa yenye magurudumu. Unaweza kuinunua bado, ni pesa zako. Rafiki yangu mmoja alinunua gari ya Ulaya ya mitumba, chapa ambayo mwakilishi wake wa hapa alibadilika akiwa ndani ya mwaka wa kwanza. Anaiweka kwao Kiritiri chini ya mwembe ikisubiri sensa. Ana miaka 26 na tayari ana Land Rover ya guka bila ile heshima.

Sasa turudi kwa broka. Uncle zangu wanaona 350,000 ni pesa, na ni pesa. Hiyo ni karo, ni tangi la maji, ni dawa za pressure za guka kwa muda mrefu. Sitajifanya kwamba mti wa avokado unahitaji gari chini yake. Lakini broka anajua kitu ambacho hajawaambia. Zile gari zinatafutwa kwa sababu kampuni iliacha kuzitengeneza. Kila mwaka zinapungua. Mwaka 2024 Arusha kulikuwa na tamasha la Land Rover na zikafika zaidi ya elfu moja, zikapiga foleni, dunia nzima ikaangalia. Wenye nembo wanauza kumbukumbu ya gari hizi kila wanapotangaza Defender mpya, mlima, matope, mkulima. Huyo mkulima kwenye tangazo ni guka. Hajalipwa, na sasa anataka kununuliwa kwa bei ya Probox iliyochoka.

Kwa hivyo kwenye grupu nimeandika hivi: asiuze gari ikiwa imelala. Kwanza isimame. Ikishasimama, kama bado anataka kuuza, auze yeye, kwa bei yake, akiwa ameiwasha na mgeni anasikia mlio. Uncle mmoja alinijibu na emoji ya kuzomea. Mwingine ametuma 5,000. Mathee akaandika neno moja tu, "Sawa," halafu akatuma 10,000.

Fundi wa Maua nimempigia jana. Anasema ana giaboksi ya Series III kutoka kwa gari iliyoanguka Mutuati miaka mingi iliyopita, gia ya pili nzima kabisa, 45,000 na haongei zaidi. Akaniuliza gari yetu ni ya mwaka gani, nikamwambia sijui, ni ya Thika tu. Akanyamaza kidogo, akasema basi nilete ile mbovu nayo, kuna vitu humo anavitaka.

Jumamosi guka na majirani wanaishusha. Nitapanda matatu Runyenjes saa kumi na moja asubuhi na giaboksi ndani ya gunia la kahawa, na kondakta ameshaniambia hiyo ni nauli ya watu wawili.